Mnara Usiotutazama

Bukavu, Nyawera
4 Machi 2023

Yaya Nyota,

Assalaam alaykum, dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba shemeji Feruzi ameanza kuukanyagia ule mguu wake. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Sukari yake imetulia, lakini bado anaongeza kijiko kwenye chai tukigeuka, na tukimkamata anasema ni mke wangu Yasmine aliyekosea kupima. Yasmine amechoka kusingiziwa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako naipata siku ile tu unaposhuka gatini, na hata hapo nasikia upepo kuliko ninavyokusikia wewe.

Jambo lenyewe ni hili. DG wetu, mkurugenzi mkuu Papa Gérard, amenipa kazi ya kuangalia vyuo vyetu vyote vinne, Bukavu, Kalehe, Luhwindja na hicho unachokiongoza wewe kisiwani Idjwi: mashine gani zipo, umeme unatoka wapi, nani anajua kuzitengeneza, na mtandao unaweza kupita njia gani. Kisha niandike mpango wa miaka mitatu, na wafadhili watautazama. Sitaki kufanya kama waliotangulia. Wale walinunua seva kubwa kabla ya kuuliza itawashwa na nini, na mpaka leo Chancelle wa mapokezi anaitumia kuwekea termosi.

Niandikie mlivyo hasa. Unajua jinsi vyuo vinavyoijibu ofisi ya Bukavu: kila kitu kipo, kila kitu kinafanya kazi, wanafunzi wamejaa mpaka dirishani. Kila mkuu anaongeza, maana anajua ofisi itapunguza. Wewe usiniandikie hivyo. Mimi si ofisi. Mimi ni mdogo wako uliyenibeba mgongoni.

Ndugu yako,
Abdulmajid


Idjwi
26 Machi 2023

Mdogo wangu Majidi,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika imelowa pembe moja, lakini inasomeka. Hatujambo. Feruzi anatembea, ila anachechemea zaidi nikimtuma kuchota maji. Mtoto wetu Sifa ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu. Nimekutumia mananasi manane kwa boti. Yakifika sita, usinilaumu mimi.

Kwa hiyo leo umekuwa mtu wa mipango! Wewe uliyekwenda shule siku nzima umevaa viatu viwili vya mguu mmoja. Haya, nitakujibu.

Tulipewa kompyuta kumi na mbili. Zinazowaka ni tano. Betri za paneli zimezeeka. Jua likiwa zuri umeme unatufikisha mchana, likiwa baya tunafundisha kompyuta kwa chaki ubaoni. Kwenye mashine ya kuchapa wamezalia panya. Anayezitengeneza ni Ignace, mwalimu wa bayolojia, ambaye amejifunza kwa kuziharibu kwanza. Mtandao hatuna kabisa.

Wanafunzi walioandikishwa ni mia moja na arobaini. Msimu wa kahawa nusu ya mabenchi huwa tupu, kwa sababu watoto wanawasaidia wazazi kuchuma. Lakini msimu ukiisha wanarudi wote, na kwenye mtihani wa taifa tunawapita nyinyi wa mjini. Andika hilo pia, tena kwa wino mzito.

Nitakuambia tunachokitaka. Ili mwanafunzi wangu ajiandikishe kwa mtihani, au aone matokeo yake, ni lazima avuke ziwa mpaka Bukavu, kwa sababu hapa hatuna njia ya kuingia kwenye mashine zenu. Mwaka jana boti ilipinduka na wanafunzi wetu ndani. Walitolewa wote wakiwa hai, Mungu ni mkubwa, lakini baba yake Merveille alimkataza kupanda boti tena, na Merveille ndiye binti hodari kuliko wote niliowahi kufundisha uuguzi. Mtandao ukifika hapa, atajiandikisha akiwa amekaa kwenye benchi lake. Hicho tu ndicho ninachokuomba, Majidi. Sikuombi jengo.

Sijawahi kumwandikia mtu wa ofisi namna hii. Nimekuandikia wewe.

Dada yako,
Nyota


Bukavu
14 Mei 2023

Yaya Nyota,

Salaam nyingi, na samahani kwa kuchelewa. Mananasi yalifika matano. Mama ameyasifu wiki nzima, na majirani sasa wanajua kwamba Idjwi ndiko peponi.

Nilikuwa safarini. Luhwindja nililala kwa wachimba dhahabu, barabara ilikuwa imekatika. Kalehe nilipita tu. Mkuu wao, Donatien, amenijazia majibu vizuri sana. Kwenye karatasi wana kompyuta thelathini.

Sasa nisaidie jambo moja. Nataka kuunganisha vyuo kwa antena zinazorushiana mawimbi. Antena zinataka kuonana, kama watu wawili wanaopungiana mkono; kukiwa na mlima katikati, basi. Bukavu na Kalehe hazionani. Nimezungusha macho kwenye ramani yote, na kuna mahali pamoja tu panapoziona zote mbili: kile kilima kilicho nyuma ya chuo chako. Tukisimamisha mnara pale, tatizo limekwisha.

Kilima ni cha nani? Ongea naye. Wewe wanakuheshimu. Mtu wa ofisi akija na karatasi zake, watamzungusha mpaka mwakani.

Watoto nawabusu wote.

Abdulmajid


Idjwi
9 Julai 2023

Mdogo wangu Majidi,

Assalaam alaykum. Hatujambo, ila mvua ilituchelewesha kuondoka shambani na mtoto mdogo alikohoa sana. Sasa amepona na ameanza tena kuvunja vitu.

Kilima umekipata. Ni cha Papa Zagabe, na nimekwenda kwake mara nyingi mpaka mbwa wake ameacha kunibwekea. Huku ardhi haiombwi kwa karatasi. Mgeni anayetaka ardhi anasimamiwa na mtu anayejulikana, wanakaa na wazee, pombe ya ndizi inazungushwa, na yule aliyesimama ndiye anayedaiwa neno siku zote. Mimi pombe sinywi, na wanajua kwa nini, kwa hiyo nilikishika kibuyu nikampa aliyekaa kando yangu, wakaridhika. Papa Zagabe aliniuliza mbele ya wote:

"Mama mwalimu, hii chuma mutasimamisha mu mulima yangu, itasaidia batoto ya hapa?"

Nikasema ndiyo. Mjukuu wake yuko mwaka wa kwanza. Akang'oa kahawa yake mwenyewe kupisha mafundi, na hakudai kitu.

Sasa niambie na mimi. Antena ya chuo chetu itakaa upande gani wa mnara? Ignace anataka kujua ili aanze kuchimba njia ya waya. Na katika barua yako hukusema kama Merveille atawahi mtihani wa mwaka huu. Najua una kazi nyingi, lakini nijibu.

Dada yako,
Nyota


Bukavu
21 Septemba 2023

Yaya Nyota,

Salaam. Mama hajambo. Yasmine ni mjamzito, tunatarajia mwezi wa pili, inshallah. Mama ameshamchagulia mtoto jina na hataki kusikia la mtu mwingine.

Mafundi wanakuja mwisho wa mwezi, mkubwa wao anaitwa Didier. Mnara una mita kumi na mbili, betri ni mpya, paneli zitakaa juu ya paa la kibanda chini yake. Wapatie mahali pa kulala. Ufunguo wa kibanda utabaki kwako.

Mpango umepita. Wafadhili wameusifu, na DG amenifanya mkurugenzi wa mitandao ya vyuo vyote. Hata sasa siamini. Papa yetu angekuwa hai angechinja.

Mengine tutaongea. Nisamehe, naandika haraka, boti inaondoka.

Abdulmajid


Idjwi
3 Desemba 2023

Majidi,

Usimsomee mama barua hii. Mwambie tu sisi ni wazima.

Didier na vijana wake walikuja na nikawapikia. Walifunga antena mbili, moja inatazama Bukavu, nyingine inatazama Kalehe. Nikamwuliza yetu iko wapi. Akaangalia chini akasema, "Maman, mu plan hakuna ya hapa." Nilifikiri amekosea kusoma. Nilikutetea, unasikia? Nilimwambia mkurugenzi wako ni mdogo wangu, hawezi kutusahau.

Juma lililopita DG mwenyewe alikuja kwa boti ya injini, pamoja na Donatien wa Kalehe. Tuliwaita wazazi. Akina mama walipika samaki, wanafunzi waliimba, na Papa Zagabe alivaa koti. Watu walidhani wamekuja kufungua mtandao. Papa Gérard akasimama akasema:

"Bazazi, musikasirike. Chuo ya hapa inafungwa mwisho wa mwaka, banafunzi batahamia Kalehe. Directrice yenu mwenyewe alitwambia: saisoni ya kahawa, nusu ya mabenchi inabakiaka wazi. Sasa chuo ya vile tutaiwekeya internet ya nini?"

Majidi, maneno yangu. Maneno niliyokuandikia wewe. Na ile sentensi ya pili, kwamba wanarudi wote na wanawapita watu wa mjini, ilikwenda wapi? Uliikata kwa mkono gani?

Wazazi wote waligeuka kunitazama. Papa Zagabe akaniuliza, "Ni weye ulisema vile?" Nikasema ni mimi. Ningesema nini? Akasema, "Mulima nilipatia weye, hapana bale." Akavua koti lake, akaondoka bila kula. Tangu siku hiyo nikipita njiani watu wananisalimu vizuri sana, kama anavyosalimiwa mgeni.

Nilipowasindikiza gatini, Donatien akanivuta pembeni, akicheka mpaka machozi yanamtoka. "Yaya, uliandikaka ukweli? Nani anaandikiaka bureau ya Bukavu ukweli? Miye niliandika machine makumi tatu, niko nazo tatu. Majidi alikaa mu ile salle ya machine, akaziona na macho yake, tukacheka pamoja!"

Wewe uliniandikia kwamba Kalehe ulipita tu.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua kompyuta zake ni tatu na zangu ni tano. Ulijua Luhwindja wameongeza, na Bukavu penyewe wameongeza. Uliweka uongo wa wote kwenye mstari mmoja na ukweli wangu, ukaacha ukweli ndio uonekane mfupi. Na kilima uliniomba ukiwa tayari unajua! Mawimbi yanatoka kwako, yanatua juu ya vichwa vyetu, yanaruka kwenda kwa Donatien, na mtoto wa hapa hawezi kuandikisha jina lake kwa mtihani.

Angenifanyia mtu mwingine, ningekasirika tu. Wewe umeniumiza. Sikujua kama mtu anaweza kuumwa kifua kwa sababu ya barua alizoandika mwenyewe. Niambie ni kwa nini. Usiniambie habari za betri.

Nyota


Bukavu
18 Februari 2024

Yaya Nyota,

Assalaam alaykum. Mtoto amezaliwa, ni wa kike, mzima. Mama amempa jina lako. Anashangaa kwa nini hujaandika, nimemwambia boti ni chache.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Mpango ni wa DG. Mimi niliuandika tu. Wafadhili walisema vyuo vitatu, si vinne, na hilo DG alikuwa nalo mfukoni kabla hajaniita. Kalehe iko kando ya barabara, magari yanafika. Wewe ni mtu wa shule, unaelewa mambo haya.

Kuhusu zile hesabu. Kama ningesahihisha za Donatien, ningelazimika kusahihisha za wote, mpaka za Bukavu, na wafadhili wangeondoka. Tusingepata chochote, hata mnara. Ungekuwa wewe mahali pangu, na mke ana mimba, ungefanya nini?

Nimekuombea kazi. Chuo kimefungwa, lakini wewe utabaki kama msimamizi wa mnara. Nilipigana sana kuipata. Usikatae kwa hasira.

Paneli zifutwe vumbi kila juma.

Ndugu yako,
Abdulmajid


Idjwi
30 Machi 2024

Majidi,

Mungu amkuze mtoto. Mwambie mama nimefurahi.

Umeniuliza mimi ningefanya nini. Ningekuja. Ningepanda boti asubuhi, ningekaa nawe barazani kwako, ningekuambia, "Mdogo wangu, wamesema vyuo vitatu, na chako ndicho kinachokufa." Ningelia nawe, na kilima ningekuacha uamue mwenyewe kama utaniombea au la. Hilo halikuwahitaji wafadhili.

Kazi nimeikubali, kwa sababu Papa Zagabe amesema hataki kuona mguu wa mtu wa Bukavu kwenye ardhi yake, na nilishasimama mbele ya wazee. Kilima kile kinanidai neno mimi, si wewe.

Wanafunzi waliokwenda Kalehe ni wachache, wale wenye shangazi au mjomba wa kuwalaza. Wengine wamerudi shambani. Merveille anauza sambaza, wale samaki wadogo, gatini. Juzi alinifungia za kwangu vizuri kwenye jani akakataa kunitazama usoni.

Nyota


Bukavu
12 Oktoba 2024

Yaya wangu Nyota,

Assalaam alaykum warahmatullah wabarakatuh. Natumaini wewe na shemeji na watoto ni wazima. Nimekutumia dawa ya kikohozi ya mtoto na kitenge ambacho Yasmine amekuchagulia. Nyota mdogo ameanza kusimama. Mama anauliza habari zako kila siku na mimi nimeishiwa majibu.

Niko katika shida. Kila alasiri mtandao wa Kalehe unakatika, mpaka kesho yake asubuhi. Bukavu nimekagua kila kitu. Kalehe, Donatien anasema hakuna tatizo. Luhwindja wanasema hakuna tatizo. Kila chuo ninachokiandikia kinanijibu kwamba kila kitu kinakwenda vizuri, na mimi nimekaa hapa mbele ya skrini nyeusi, sijui nimwamini nani. Mpango wa miaka mitatu niliujenga juu ya majibu yao, na sasa kila ninapogusa hakuna kitu chini. Mwezi ujao wafadhili wanakuja kuangalia. DG amesema mtandao ukikatika mbele yao, ni mimi nitakayeondoka.

Watu wa boti wanasema Papa Zagabe amepanda migomba mbele ya kibanda, na majani yameshapita paa. Kama ni kweli, kivuli kinaangukia paneli na betri hazijai. Ni kweli? Kuna mtu wa kuongea naye? Mafundi siwezi kuwatuma, atawafukuza. Mimi mwenyewe siwezi kuja, unajua kwa nini.

Niandikie mlivyo hasa, yaya. Ni wewe peke yako ambaye hujawahi kunidanganya. Nakuuliza kama ndugu.

Mdogo wako,
Majidi


Idjwi
27 Oktoba 2024

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Mitandao,
Bukavu.

Barua yako imefika, pamoja na dawa. Kitenge nakirudisha kwa boti hii hii.

Umeniuliza kama ndugu. Dada yako alishakujibu, Machi ya mwaka jana, na unajua jibu lake ulilipeleka wapi. Kwa hiyo safari hii ofisi ya Idjwi inaijibu ofisi ya Bukavu, kama vyuo vyote vinavyojibu.

Mnara uko vizuri. Betri zote ni nzima. Paneli zinapata jua kutwa nzima. Uhusiano na mwenye kilima ni mzuri sana. Hapa Idjwi hatuna tatizo lolote.

Nyota binti Idrissa
Msimamizi wa Mnara